Nati Ndani ya Bawa

Elisabethville, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Umeamkaje huko? Mgongo unakuruhusu kulala? Na kifua cha mdogo wangu Banza kimetulia? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio si mzima. Nataka usikie sababu kutoka kwangu, kabla watu wa meli hawajakuletea maneno yao. Katekista anayekusomea namwomba asome polepole na asiruke kitu, hata pale nitakapoonekana mbaya.

Najua ulitazamia nishuke kwenye meli juma hili. Najua pia kwamba tangu Baba alipozikwa bila mimi, bado unakaa chini kwenye kilio, huendi shamba wala sokoni, kwa sababu mwenye kukunyoa nywele na kukutoa kilioni ni mtoto wako wa kwanza. Mama, sikupanda treni.

Bwana wangu, mkubwa wa karakana ya umeme ninakofanya kazi, anajitengenezea ndege. Usicheke. Anaitengeneza kwa mbao na kitambaa katika banda nyuma ya nyumba yake, huko upande wa Karavia, yeye ambaye kiti cha barazani kwake kimebaki na miguu mitatu. Kazi yangu ni kupitisha nyaya za taa ndani ya mabawa. Aliniahidi kwamba siku mabawa yatakapofungwa kwa kitambaa, ataniwekea sahihi karatasi ya ruhusa nije kwako.

Bawa ndani lina mbavu za mbao zenye matundu, na upande wa mbele umezibwa kwa mbao nyembamba, mkono hauingii. Basi nikafanya kama tunavyofanya karakanani na mabomba: nikafunga nati kwenye uzi, tukasimamisha bawa, nati ikashuka tundu kwa tundu, kisha nikafunga waya kwenye uzi na kuuvuta. Bawa la kushoto lilikwenda vizuri. La kulia, uzi ulilegea katikati, na nilipouvuta juu ukarudi mtupu. Nikafunga nati nyingine, ikapita, na waya ukapita. Ile ya kwanza ilibaki ndani.

Madame, mke wa Bwana, alikuwa ameshika sindano tayari. Ningesema, asingeshona siku ile. Nilikuwa nakuwaza wewe, Mama, nikanyamaza. Akashona, wakapaka verni, dawa ya kukazia kitambaa, kitambaa kikakazika. Tulipolibeba bawa, kitu kikabingirika ndani.

"Kalenga, iko nini inatembea mule?" Madame akauliza.

"Ni kole yenye kukauka, Madame."

Akaamini kwamba ni gundi tu. Afadhali angenigombeza. Alinipa hata sukari nikuletee, pole yake kwa kilio, na Bwana akatia sahihi karatasi.

Nilifika stesheni na mzigo wangu. Treni ya Bukama, kwenye bandari ya meli, ilikuwa imesimama, watu wanapakia magunia. Nikashindwa kupanda. Ndani ya bawa lile zinapita kamba za chuma zinazogeuza ndege, na nati ikikwama pale kamba inapopita, ndege haigeuki tena. Kiti cha pili katika ndege ile ni cha Madame. Ningekuwa kwako nimeshika wembe, huku naogopa kila meli inayoleta habari za mjini. Nikarudi kwa miguu hadi Karavia, njia nzima najitukana.

Bwana alinisikiliza mpaka mwisho, uso umekuwa mwekundu.

"Juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa, Bwana. Mama yangu iko mu kilio, iko ananingoja."

"Na bibi yangu, ye afe? Leta ile karatasi."

Nikampa. Madame alichukua mkasi, akaanza kukata mshono wake mwenyewe, hakunitazama hata mara moja. Ilibidi tupasue na mbao za mbele, na nati tukaipata. Nilipouliza habari ya ruhusa, Bwana akasema, "Ndeke kwanza, kilio nyuma." Na sasa mvua zimeanza, verni haikauki upesi.

Watu wa hapa wananiambia nilifanya vizuri kurudi. Saa nyingine naamini. Lakini ningesema palepale, nati ingetolewa kabla ya kushona, na leo ningekuwa nimekaa karibu yako. Badala yake nimekuongezea kilio juu ya kilio. Naona aibu kubwa, Mama, na sina wa kumlaumu.

Kwa hiyo usiningoje tena. Banza akunyoe. Niliwauliza wazee wetu walioko huku, wakasema inawezekana, ila atakayekutoa kilioni ndiye atakayekaa mahali pa Baba, na neno lake litakuwa mbele ya langu hata nikirudi na mvi. Nimekubali. Usilie kwa ajili yangu, na usimwache akatae kwa kunionea huruma. Baada ya hapo uende shamba lako, uende sokoni, ucheke na watu.

Nisalimie shangazi, dada yake Baba, anayekaa nawe kilioni. Nisalimie mjomba anayekatia meli kuni, mwambie koti lake nitamletea tu. Nisalimie mke wa Banza, ambaye sijamwona bado, na namwomba akupikie vizuri siku utakayosimama. Sukari nimempa mtu wa meli anayerudi Bukama, pamoja na barua hii.

Mungu akulinde, Mama.

Mimi mwanao, tangu leo mdogo wake Banza,

Kalenga