Mama Kelele Apata Namba

Mama,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba kuanzia leo wewe ni fundi cherehani mwenye namba rasmi ya biashara. Chai iko kwenye chupa.

Ila cheti kimetoka kwa jina la "Mama Kelele Mavazi". ~~Mtandao umekosea.~~ Asubuhi nikikujazia fomu, mimi msomi wako wa bweni niliandika hivyo nicheke kidogo kabla ya kufuta. Nikacheka, nikabonyeza "Tuma".

Nakimbilia ofisi ya usajili wabadilishe jina, maana bila cheti safi shule haitakupa kazi ya sare kesho. Nilitaka kutoroka kimya, lakini Bibi amenidaka mlangoni: "Rudi uandike nani kafanya, wewe!"

Ni mimi, Mama.

Kitindamimba wako