Walinibadilisha na Dada Chanda

Jumapili mchana, Vwawa.

Baridi ya leo imeniingia mpaka kwenye mifupa. Jua lipo lakini halina kazi. Nimetoka kanisani, nimefua jezi, nimeianika, nimeianua kabla haijakauka, nimeianika tena. Kukaa siwezi, kulala siwezi. Acha niandike.

Jana tulicheza na Tunduma. Timu yangu ya zamani, ingawa mdomo wangu bado unagoma kusema "ya zamani".

Kwa asiyenijua: mimi ni binti wa Tunduma. Mpira wa kikapu nilianza nikiwa darasa la sita, kwenye kiwanja cha saruji iliyopasuka, vumbi la malori ya mpakani likitupitia usoni. Mwaka jana ndio nikawa mchezeshaji, yule anayegawa mipira, wa timu ya wakubwa. Kabla ya msimu huu viongozi wakakaa na watu wa Vwawa, wakakubaliana: mimi na rafiki yangu Vumilia tuje huku, wao wampate Dada Chanda. Dada Chanda kwao ni ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Amecheza timu kubwa kwa miaka, hata watoto wasiojua kikapu ni nini wanamjua yeye.

Wasichana wawili wabichi kwa nyota mmoja aliyeiva.

Mwalimu Simbeye, kocha wetu wa Tunduma, alitupa habari hiyo baada ya mazoezi, tukiwa tunavua raba. Alisema timu imelisubiri kombe la mkoa muda mrefu, haiwezi tena kusubiri sisi tukue. Vumilia aliuliza huku atakaa kwa nani. Mimi niliendelea kufungua kamba.

Tangu siku ile nina ombi moja tu, na wala si la kumpelekea Mungu: wajute.

Jana nilipomwona Dada Chanda anapasha misuli, amevaa namba saba, namba yangu, masikio yaliniwaka moto. Akaja kunisalimia, "Mulishani, mdogo wangu," salamu yetu ya mpakani. Niliitikia huku naangalia kikapu.

Nikacheza kama mtu aliyetumwa. Kila mpira uliofika mikononi mwangu niliurusha mwenyewe. Vumilia alikuwa peke yake chini ya kikapu, mikono juu, ananiita. Nilimwona. Nikarusha. Ukagonga chuma. Nikarusha mwingine, ukaenda kulekule. Kabla ya mapumziko Mwalimu Eda, kocha wetu wa huku, akanitoa. Hakunifokea. Alinisogezea maji, akaniuliza polepole, "Leo unacheza na nani?"

Nikayanywa maji yote.

Nikiwa benchi nikaona nilichokuwa sitaki kukiona. Dada Chanda hakimbii sana siku hizi. Anatembea, anaelekeza wenzake kwa kidole, anapewa mpira akiwa amebanwa na bado unaingia. Akiona kuna mwenzake aliye wazi, anampa bila kufikiri mara mbili. Na Vumilia wetu, aliyelia njia nzima siku tunahamia huku, alikuwa anaruka na kudaka kila mpira unaorudi. Watu wa Vwawa wakawa wanaimba jina lake. Sikujua kama nifurahi au nijifunike taulo.

Dakika za mwisho Mwalimu Eda akanirudisha. Tukafungwa kwa kikapu kimoja, cha Dada Chanda.

Watu walipoanza kutawanyika nikamfuata Mwalimu Simbeye. Nikampa shikamoo, akaitikia, na kabla hajaniuliza habari za huku nikalitoa swali langu.

"Mwalimu, mnajuta?"

Alilihamisha jaketi lake kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Siku za mechi hapana, mwanangu. Umeona mwenyewe. Ila mazoezini, ndiyo. Chanda goti linamsumbua, siku nyingi anakaa pembeni. Nikiwaangalia waliobaki, simwoni wa mwaka kesho."

Halafu akasema, kana kwamba alikuwa anangoja niulize, kwamba msimu ukiisha atazungumza na viongozi nirudi nyumbani. Mimi nikubali tu.

Maneno hayo nimeyaota kwa miezi. Nimeyaota nikifua, nikila, hata kanisani Mungu anisamehe. Ndotoni huwa nacheka. Jana sikucheka. Nikauliza, na Vumilia je?

"Vumilia sasa hivi Vwawa hawawezi kutuachia," akasema Mwalimu.

Aliliacha neno lile hapo, akaenda kupakia mipira. Sidhani kama alijua amesema nini. Na mimi nilichelewa kuelewa; nilikuwa nimefika nusu ya njia kwenda kwa wenzangu, nikasimama.

Maana yake mimi wataniachia.

Vumilia alinikuta nimesimama palepale. Alidhani nimeumia mguu, akanishika bega tukaondoka pamoja. Hakugusia mipira niliyomnyima. Afadhali angegusia. Alikuwa anasimulia jinsi Dada Chanda alivyomfuata kumwambia ana mikono mizuri, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kwao kabisa.

Leo nimejiuliza tangu asubuhi kama Tunduma wanajuta, kana kwamba hilo ndilo swali. Wanajuta kidogo, siku za mazoezi. Sawa. Nimelipata jibu langu na bado nazunguka chumba hiki kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sijamwambia Vumilia habari ya kurudi. Sijamwambia na mama, maana mama atasema ndiyo kabla sijamaliza sentensi.

Kesho nitawahi mazoezini. Nitamwomba Vumilia asimame chini ya kikapu nimpe pasi mpaka mikono imchoke, na Mwalimu Eda akiniuliza tena nacheza na nani, niwe na jina la kumtajia. Mengine sijui. Tunduma ni nyumbani na huenda nikarudi.

Ila nikirudi, nataka Vwawa wawe wamekataa kwanza.