Baga za Mzee na Uji wa Baba

Dada yangu Mama Sharifa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa hata kidogo, maana najua siku hizi hukai. Watoto hawajambo? Shemeji amemaliza kupulizia mikorosho? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nyingi. Kwamba tangu mtoke hospitali ya Mkomaindo baba hatambui watu vizuri, hataki uji mkononi mwako, anafumba mdomo, anauliza, "Saidi yuko wapi? Anilishe Saidi." Dada, nililia kama mtoto. Kuja siwezi. Nikitoka kabla kibali kipya cha kazi hakijapatikana, sirudi tena huku Kanada, na dawa za baba zinatoka kwenye kazi hii. Nimefungwa mikono na miguu.

Kinachoniuma zaidi, huku kazi yangu ni kumlisha baba wa mwenzangu. Yule mzee ninayemtunza, niliyekwambia kumbukumbu zimemtoka, hataki chochote ila baga za kukaanga nyumbani, kama alizopika marehemu mkewe. Nyama ya kusaga unaiviringa, unaifanya bapa, unaikaanga, unaitia ndani ya mkate. Ungesema, kazi gani hiyo! Nikazikaanga kikwetu mpaka zikakauka, maana sisi nyama inayotoa maji mekundu tunaiita mbichi. Mzee alitafuna, akatafuna, akatema. "Mke wangu hakunilisha soli za viatu," akasema. Nilicheka, ila alilala na njaa.

Binti yake akanielekeza kwa simu: usiikandamize kwa mwiko, igeuze mara moja tu, kitunguu kiive humo humo. Nikafuata yote. Mzee akasukuma sahani vilevile. Nikaishiwa mbinu.

Jana nilikuwa nakaanga basi tu, sina tumaini. Harufu ya kitunguu ikamtoa chumbani. Akasimama mlangoni, akaniita jina la mwanawe aliyekwisha kufa: "Danieli, umerudi?" Siku zote namsahihisha, namwambia mimi Saidi. Jana nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Ndiyo, baba, nimerudi. Kaa ule."

Akala yote, dada. Akafuta hata sahani kwa mkate. Nami nikageukia jiko ili asinione, maana maneno yale baba yangu anayangoja huko kwetu Chiwata, na mimi nimempa mtu mwingine.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo anayekusaidia kumgeuza baba kitandani, na jirani yetu aliyewaletea ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Mwambie bado naikumbuka ladha ya ming'oko hiyo.

Kuhusu baba sina ushauri wa maana, ila mfa maji hakosi kutapatapa. Akiniita tena, usimwambie niko mbali. Kaa karibu yake, shika kijiko, uitike wewe: "Naam, baba, nimerudi."

Jina langu nakuazima.

Mdogo wako,
Saidi