Kitanda Kilichozuia Safari ya Musoma

Manga,
S.L.P. 41, Kisii.
28 Julai, 1968.

Mpendwa Baba Mdogo Onchiri,

Pokea salamu kutoka huku mlimani. Natumaini mguu uliokusalia ungali unakubeba, na kwamba Mama Mdogo Nyangate amepona homa. Sisi hatujambo, isipokuwa macho ya Baba. Daktari asema hayatafika Krismasi. Sasa huhesabu migomba yake kwa kuigusa.

Naja kwenye mashua. Tangu Aprili mimi na mke wangu Tryphosa tunaishi ndani yake hapo Kisumu. Tumeikalafati, tumeshona tanga, tumebadili kamba zote za mlingoti. Mpango uliujua: likizo ya Agosti tumlete Baba Musoma, akuone angali akiona. Miaka ishirini na miwili bila kuonana si michache.

Kisha ukauliza tutalala wapi. Nilikujibu kwa uaminifu: chumba ni kimoja, kitanda chetu upande huu, cha Baba upande ule. Hukunijibu. Ulimwandikia Baba, kurasa tatu za Ekegusii, ukimuuliza tangu lini Mgusii akaingia alalamo mwanawe aliyeoa, na iwapo chinsoni, heshima ya wazazi wetu, ilifutwa na chuo kikuu. Nami ndiye niliyemsomea, neno kwa neno.

Jumapili iliyopita Baba alifika gatini na mkungu wa ndizi zako. Alisimama kwenye ubao wa kupandia, akanyoosha fimbo mlangoni.

"Okemwa, nimegonga nini?"

"Kitanda, Baba."

"Chako au changu?"

"Changu."

"Basi Musoma yangu imeishia hapa."

Tryphosa alilia. Alitaka tukifungue kitanda, tukiache gatini, sisi wawili tulale nje juu ya mashua. Nilikataa. Uliandika mwenyewe, ukurasa wa pili, kwamba mila haitafutiwi mlango wa nyuma. Kwa meli ya abiria hawezi kwenda peke yake, nami sina likizo mbili.

Nimesoma hoja za wanasheria na wanafalsafa wa mataifa mengi, Baba Mdogo. Sijaona hata moja iliyomshinda mwenyewe kama yako. Umeshinda, pokea ushindi.

Kwa hiyo tumebadili njia. Tutakwenda moja kwa moja hadi Mwanza. Pipa la maji ya Baba tumelishusha, na mahali pa kitanda chake nimepanga vitabu vyangu. Musoma hatutatia nanga. Ukiona tanga lenye kiraka chekundu likipita mbali, usijisumbue kushika magongo. Ndizi tumezila.

Baba hana kinyongo. Asema ulikuwa na haki, kama ilivyokuwa desturi yako tangu utotoni. Anaomba picha yako tu. Itume upesi. Ikichelewa, siku mtakayokutana utangulie kusema, ili akujue.

Nisalimie Mama Mdogo, Roda na Ombui. Mola akujalie umri mrefu wa kuifurahia haki yako.

Ni mimi mwanao, ambaye bado anakupenda,
Okemwa