Kibuyu cha Nabintu

Jumanne, 3 Julai 1973
Mazoezi ya kwaya tena hapa Bukavu, tangu saa kumi. Besi wanasinzia, teno wanapiga kelele, sisi wa sauti ya kwanza tunabeba wimbo kama kawaida. Papa Zihindula, kiongozi wetu, ameita watu kwa majina yao mapya ya Kizaire, yale ya amri ya serikali, na nusu hawakuitika. Bado hatujazoea. Mwisho akatangaza safari. Jumamosi tunakwenda kuimba kwenye misa ya kufungua kanisa dogo huko milimani, mbali juu ya mji mdogo wa Miti. Gari halifiki. Mwendo wa saa sita kwa miguu, tunalala huko, Jumapili tunarudi. Kisha akataja kijiji. Ni kijiji chetu. Nilifunga daftari la nyimbo kabla ya wenzangu.

Jumatano, 4 Julai
Niandike wazi, hakuna anayesoma humu. Miaka sita iliyopita, kwenye matanga ya baba, Nabintu, mke wa kaka yangu Cirhuza, aliniletea kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi. Alionja kwanza mbele yangu, kama mwenyeji anavyopaswa, ili anayepewa ajue hakuna sumu. Nikakataa hata hivyo. Mbele ya watu wote. Nilikuwa na uchungu, kichwa kimejaa maneno ya mjini kwamba baba alilishwa sumu. Ushahidi sikuwa nao. Kwetu, kukataa namna ile ni kumwita mtu muuaji bila kufungua mdomo. Tangu siku hiyo Cirhuza hajaniandikia. Mtoto wao alipozaliwa nilituma kitenge. Kilirudi kimekunjwa vilevile.

Alhamisi, 5 Julai
Nimejaribu kuumwa. Nilimwambia Papa Zihindula koo linaniwasha. Akacheka, akaniita raia kwa Kifaransa, kama serikali inavyotaka sasa. "Citoyenne, soprano muko watatu tu. Utakunywa chai ya tangawizi, utapona mu njia." Nilikuwa nimeimba vizuri mno Jumanne, mjinga mimi.
Nikienda, siwezi kulala kwa jirani. Binti wa nyumba kulala kwa jirani wakati kaka yake yupo ni tusi la pili. Naogopa.

Jumamosi, 7 Julai, mchana
Tumepumzika kando ya kijito. Lori lilitushusha Miti asubuhi. Watu kumi na wanne, ngoma mbili, na sufuria moja ambayo kila mtu anamsukumia mwenzake. Mashamba ya chai, kisha mianzi, kisha mlima tu. Vitenge vinanasa kwenye miiba. Mmoja wa besi amekuja na abakosti, koti rasmi la siku hizi lisilo na tai, eti heshima ya kanisa. Ametota jasho na hataki kuivua.

Anayetuongoza ni katekista wa kijiji. Amefika huko mwaka jana tu, hanijui. Sasa hivi alikuwa anatueleza nani atalala wapi. "Kwa Cirhuza mutalala vizuri, nyumba iko kubwa. Lakini kunywa, hapana. Watu hawakunywake kule. Dada ya Cirhuza, ule wa mu Bukavu, alikatalaka kibuyu ya muke ya Cirhuza. Tangu ile siku, hata majirani wanaogopa."

Wenzangu wakasema loo. Mimi nilitazama maji.

Miaka sita nilidhani nimegombana na kaka tu. Kumbe nilimharibia mwanamke jina lake, nikashuka mjini kufundisha watoto kusoma na kuandika. Nimetaka kurudi Miti peke yangu. Kisha nikaona aibu ya hilo pia. Nitakunywa kwake leo, watu wakiona. Kama atanipa. Kama bado anakamua ndizi.

Siku hiyohiyo, jioni
Tumefika. Malengelenge mawili mguu wa kushoto. Cirhuza alikuja kanisani kuchukua wageni wake. Ana mvi. Aliniona. Hakusalimu. Alinitua mzigo kichwani, akatangulia nao. Nikamfuata pamoja na wenzangu watatu.

Nabintu alituletea maji ya kunawa, viazi vitamu, maharage. Kwangu aliweka sahani bila kuniangalia. Cha kunywa hakuna. Amejifunza kutotoa, ili asikataliwe. Majirani walikuwa wamejaa uani kutazama watu wa mjini.

Mgeni haombi pombe. Mimi niliomba, nikimwita yaya, dada mkubwa, tena kwa sauti, hadi wa mwisho kule nyuma asikie.

"Yaya Nabintu, niko na kiu. Unipe kasiksi yako."

Viazi vilisimama midomoni. Aliniangalia sana. Akaingia ndani, akakawia, nikajua harudi. Akarudi na kibuyu. Akakiinua ili aonje, kama ilivyo desturi. Nikakidaka kabla hakijagusa midomo yake. Nikanywa. Sikupumua mpaka kifua kilipouma.

"Hata haukungoja nionje," akasema.

Kisha Cirhuza, kutoka mlangoni: "Achia na wengine."

Maneno yake ya kwanza kwangu kwa miaka sita. Mtu akacheka, wote wakacheka, mimi nikalia.

Jumatatu, 9 Julai
Naandika ya jana. Tuliimba vizuri, hata teno. Baada ya misa tulirudi kwa Cirhuza kufunga mizigo, na jirani mmoja, mwanamke mzee, akaingia na kusema anataka kuonja hiyo waliyokunywa watu wa Bukavu. Akaja wa pili na mumewe. Kabla hatujaondoka mtungi ulikuwa mkavu. Nabintu alikimbia huku na huku akigombeza kila mtu: wewe umezidi, wewe rudisha kibuyu. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha akigomba kiasi kile.

Nilimsaidia kuosha vibuyu nyuma ya nyumba. Hapo tulikuwa wawili tu.

"Ulinikosea sana," akasema.

"Najua. Unisamehe."

"Sitasahau mara moja."

Sikuomba zaidi. Tuliosha vyote.

Jumatano, 11 Julai
Nimeshinda nyumbani, mtaa wa Nguba, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Upepo wa ziwa, vumbi la kiangazi. Nimefua kitenge cha safari, matope hayajatoka yote.

Nabintu atashuka mjini Jumamosi na maharage yake, atalala kwangu. Alisema hivyo wakati wa kuagana, akitazama pembeni. Nimekwisha kutandika kitanda mara mbili. Nitapika sombe, majani ya muhogo, na samaki.

Sijui kama atakula kwangu. Akikataa, ni haki yake. Nitaonja kila sahani mbele yake, kisha nitangoja.