Mafuta Niliyompelekea Baba

Jumatatu, 4 Machi 1974

Zahanati imejaa. Sindano, vidonda, tena sindano. Nimekula ugali na dagaa saa nane, nimesimama.

Baba hanitoki kichwani. Juzi nilimkuta nyumbani Kiriba ameshika kifua, na alikuwa ametoka zizini tu. Wiki tatu tangu daktari wa Musoma aseme moyo wake hautaki samli wala mafuta ya nyama. Mimi ndiye niliyemweleza, nimevaa sare, najisikia. Samli nikaiondoa, nikamwachia kopo la mafuta meupe ya dukani. Ya mimea haya, nikasema. Mbona hapati nafuu?

Jumamosi, 9 Machi

Kiriba. Baba amekonda. Suruali kaifunga kwa kamba.

Jikoni wifi Nyangeta, mke wa kaka, amenipasulia. Mzee hagusi maziwa. Mtindi anawaachia wageni. "Siku hizi anakulaga mihogo ya kukaanga tu, na hayo mafuta yako. Asubuhi, jioni."

Nimepandwa na hasira. Maziwa nani kayakataza? Halafu nikakumbuka maneno yangu mwenyewe: vya ng'ombe acha vyote.

Mtu aliyekua kwa mtindi. Naogopa.

Jumanne, 12 Machi

Nimeomba ruhusa, nimepeleka kopo kwa daktari. Amechota kidogo kwa kijiko, akakigeuza juu chini. Hayakudondoka. Ya mimea ni kweli, amesema, ila kiwandani wameyagandisha, na kwa moyo ule hayana nafuu kuliko mafuta ya nyama. Atumie ya pamba, yale ya majimaji, tena kidogo. Mtindi anywe kikombe kwa siku, utando wa juu uondolewe. Kuhusu mafuta ya maziwa, amesema wataalamu wenyewe bado wanabishana.

Daktari mzima anasema hajui. Mimi nilijua yote.

Nimelia njia nzima hadi kwangu Nyasho. Angekufa, ningekuwa nimemlisha mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemwambia Baba nimekosea. Sikuzunguka.

"Mama, maziwa hayajawahi kunidhuru, nilijua," akasema. "Lakini wewe ndo msomi wetu. Ningekubishia mimi baba yako, nani angekusikiliza tena hapa?"

Nimechukua kopo nikaenda kulifukia nyuma ya choo.

Jumapili, 17 Machi

Mvua ndogo asubuhi. Nimeengua utando wa mtindi, nikajipaka mikononi. Wifi kacheka.

Baba amekunywa mlangoni, taratibu. Kifua bado kinambana akitembea. Kasema mtindi bila utando ni kama maji ya kuoshea kibuyu, lakini kamaliza.

Nikanyoosha mkono kuchukua kibuyu nimwongeze hata nusu. Akafunika kikombe kwa kiganja.

"Ulisema kimoja."

Nimekaa naye kidogo. Kisha nikaenda kuosha kikombe.