Mjane wa Dirisha la Njano

Jumanne, 9 Januari

Leo mtalii amenikumbatia. Mlangoni kwangu, mikono ina sabuni hadi viwikoni! Mwanamke wa Argentina, kofia pana kama ungo, machozi yanamtiririka. Akanipa ua. Eti nisikate tamaa, bahari itamrudisha. Nikamuuliza itamrudisha nani. Akalia zaidi, akanibusu, akawakimbilia wenzake waliokuwa wakipanda ngazi huku wanahema.

Ua nimelitia kwenye chupa. Lenyewe halina kosa.

Alhamisi, 11 Januari

Nimemjua mzushi. Ni Maximiliano, yule wa shati jekundu anayewatembeza wageni. Hata si wa hapa Valparaíso, ni wa Santiago! Don Osvaldo, fundi kufuli wa chini ya ngazi, amemsikia kwa masikio yake. Anawasimamisha wageni wake mbele ya nyumba yangu saa sita kamili, ninapofungua dirisha kuanika matambara ya kudekia. Anawaambia mimi ni mjane. Mume alipotea baharini. Nyumba nimeipaka njano ili aione akiwa melini. Kila adhuhuri natazama bandari!

Bandari siioni. Macho yangu yanaishia kwenye nguzo ya umeme. Rangi aliileta shemeji kutoka gatini, ilibaki walipopaka meli ya watu. Ingebaki kijani, ningepaka kijani. Na mume wangu Remigio — baharini! Mtu aliyetapika kwenye mashua ya kuzungusha wageni bandarini, kamba haijafunguliwa! Yuko Kilima Barón, mwaka wa tisa huu, kwa Yasna msusi, anatengeneza mafriji. Mabasi mawili tu kutoka hapa.

Osvaldo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, "Na kufuli, Bi Hortensia? Bado lile lile?"

Lile lile. Miaka tisa namwambia nitakuja kuchukua jipya wiki ijayo. Uvivu tu.

Ijumaa, 12 Januari

Dada yangu Nancy kaja na keki. Nancy akija na keki, ujue kuna jambo. Yasna amemfukuza Remigio. Analala karakanani, katikati ya mafriji. Anataka kurudi nyumbani. Atakuja Jumapili adhuhuri kusikia jibu.

"Amezeeka, Hortensia. Anakuulizia kila mara."

"Ananiulizia mimi au anaulizia supu?"

"Basi mwambie hapana, mdomoni mwako itoke. Mimi si tarishi wenu."

Birika lilikuwa linapiga mluzi, nikaenda kulitoa motoni. Miaka ishirini na sita niliishi na yule mtu, hakuwahi kulitoa hata mara moja. Alikaa na gazeti lake la mpira, birika linalia, ananisubiri mimi. Na ni la mama yangu, la shaba.

Jumamosi, 13 Januari

Nimeamua. Kesho sitakuwepo! Abishe hodi mpaka vidole vichubuke. Mimi nakwenda kutembezwa na Maximiliano, niusikie uongo wote, na tukipita kwangu nimwone bwana mkubwa alivyoganda mlangoni. Nimeazima kofia na miwani ya jua ya Nancy. Kwenye kioo — nzi mtupu.

Jumapili, 14 Januari

Naandika nyuma ya ramani ya matembezi. Benchi la kituo cha juu cha lifti ya kupandia kilima, mkabala na nyumba yangu. Siingii. Bado.

Watu kumi na saba, na hakuna hata mmoja mwenye haya. Wamepiga picha nyaya za umeme. Wamepiga picha chupi za jirani. Mbwa aliyelala wamempiga picha mpaka akahama. Mmoja akauliza kama hapa watu wanaishi kweli. Hapana, tunaletwa asubuhi! Maximiliano akasema ngazi zetu ni mia mbili. Ni mia moja arobaini na nane, nimezipanda na mifuko ya sokoni maisha yangu yote. Lakini watalii hawajui kitu, na leo nilikuwa mtalii.

Tukafika kwangu. "Kimya, jamani," akanong'ona. "Sasa hivi atafungua."

Nikatazama mlango. Hapakuwa na mtu. Hata kuja hakuja! Nikasema moyoni, afadhali. Na ikaniuma. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma: iliniuma sana.

Dirisha likafunguka.

Remigio! Na singlendi, shavu limejaa mkate. Mkate wangu! Ufunguo — miaka tisa ameutunza ufunguo!

Maximiliano alibaki mdomo wazi. Lakini mwongo ni mwongo, akazinduka upesi. "Amerudi! Mnaona, jamani? Amerudi kutoka baharini!"

Makofi! Mzee mmoja mwenye kamera ya thamani akalia kwikwi. Remigio hajui anashangiliwa kwa lipi, ila makofi hajawahi kuyakataa. Akapunga mkono. Watu wakaanza kupiga kelele, mke yuko wapi, aje dirishani tumwone! Akageuka akaita ndani, kama vile niko jikoni siku zote, "Hortensia! Njoo uone, mama, tunapigiwa makofi!"

Kisha akatutazama tena, mmoja mmoja. Alifika kwangu. Akaniona nzi, akapita.

Kundi limeshaondoka. Osvaldo hafungui Jumapili. Jibu ninalo: hapana. Nimelitamka kwa sauti hapa benchini, mwanamke wa tiketi akanigeukia. Hapana! Nitalipeleka jioni, nikitulia. Au kesho, nikiwa na Osvaldo na kufuli jipya.

Remigio ameweka chai. Birika limeanza mluzi, nalisikia mpaka huku.

Bado linalia. Halitoi.

Dirisha liko wazi, nakiona kisogo chake. Amekaa. Anageuza kurasa za gazeti. Na birika analisikia, analisikia vizuri sana! Maji yatakauka. Litaungua lile, birika la mama yangu, na hatainuka, anasubiri mtu aje alitoe —

Ufunguo wangu uko mkononi. Sijui nimeutoa saa ngapi.